Deraya ya Fundi Kochi

Vijiwe vingi vina benchi, lakini kijiwe chetu kina mito. Benchi lenyewe ni ubao mrefu ulioegeshwa ukutani mwa karakana ya Fundi Kochi, anayeunda na kukarabati makochi, na kwa kuwa fundi huyo hawezi kuvumilia kumwona mtu amekalia mbao tupu, kila mwenyeji wa hapa ana mto wake, umejazwa sponji na kuvikwa kitambaa kilichobaki kwenye kazi ya mtu mwingine. Redio, kinyozi mstaafu ambaye hana kitufe cha kuzimia, anakalia maua mekundu ya kochi la bibi harusi. Hakimu aliwahi kuitwa mahakamani mara moja kutoa ushahidi, na tangu siku hiyo hajaacha kutoa hukumu. Yeye anakalia ngozi nyeusi ya kiti cha meneja. Bi Methali, mwenye kibanda cha vifungo na nyuzi hapo jirani, anakalia mahameli ya zambarau. Mimi wananiita Mwalimu, na mto wangu una mistari kama daftari. Hakuna anayekalia mto wa mwenzake. Hiyo ndiyo sheria pekee ambayo kijiwe hiki hakijawahi kuibishia.

Alasiri hiyo Buli, muuza kahawa wetu, alikuwa amerudi kutoka kwa wakwe zake alikokaa muda mrefu. Alilitua birika, akapanga vikombe, akaanza kumimina. Mkono ukamgandia hewani. Dirishani mwa karakana kulikuwa na kichwa cha kijivu kinachomtazama bila macho.

— Huyo nani?

— Huyo si mtu, alisema Redio. Hicho ni kichwa.

— Naona ni kichwa. Cha nani?

— Cha Kochi.

— Kochi ana kichwa chake. Nilikiacha hapahapa nilipoondoka.

— Sasa ana viwili. Mimina kahawa, ndugu yangu, umesafiri mno, tutakueleza polepole.

Buli alimimina, lakini jicho lake halikubanduka dirishani. Kilikuwa kichwa kizuri, lazima niseme. Mviringo wake ulikuwa laini kama yai, na mahali pa uso palikuwa na kioo cheusi kilichoviringika kutoka sikio hadi sikio. Chini ya kioo hapakuwa na kitu. Hapakuwa na pua wala mdomo.

— Mwanzoni hata sisi tulipotea, alisema Redio. Fundi alianza kufunga mlango mapema. Ndani tunasikia mvumo. Hakimu akadhani anafuga nyuki.

— Sikudhani, alisema Hakimu. Niliamua.

— Samahani. Aliamua kwamba ni nyuki.

— Ushahidi ulielekea huko. Mtu anatafuta glavu nene, anashona kofia yenye kioo, na kila jioni kuna mvumo. Wewe ungesemaje?

— Mvumo ulikuwa mashine ya kukaushia nywele aliyoazima saluni.

— Ndiyo. Hukumu hiyo ilikatiwa rufaa.

— Mimi nilisema tangu mwanzo, alisema Bi Methali. Nilisema aliye juu mngoje chini.

— Na kwa sababu yako, Redio akamgeukia, mtaa mzima uliamini Kochi anakwenda mwezini. Mama mmoja alikuja kuchukua stuli zake mbovu vilevile zilivyo, eti fundi asije akaondoka nazo.

Buli alicheka mpaka kahawa ikamwagikia sahani. Halafu akauliza tena, safari hii kwa upole, ni kitu gani kile. Wote wakanitazama mimi, kama wanavyofanya wakitaka jambo lielezwe bila kupigiwa kelele.

Nilimweleza. Kuna ile tamthilia ya jioni za Jumapili, ya watu wanaoishi kwenye miezi miwili iliyounganishwa kwa daraja. Kwenye daraja kuna lango, na langoni kuna askari aliyevaa deraya ya kijivu, yaani lile vazi gumu la vitani linalomfunika mtu kutoka utosini hadi kwenye kisigino. Hasemi sana. Anasimama tu, na hakuna baya linalopita.

— Askari wa Lango, alisema Buli. Namjua. Kwa wakwe wanamtazama mpaka na mbuzi.

— Basi Kochi anamtengeneza, nilisema. Hatengenezi mfano wake. Anamtengeneza yeye.

— Kuna tofauti?

— Buli, alisema Redio, keti vizuri. Kuna tofauti mpaka utalia.

Hapo kila mmoja akataka kusimulia, maana jambo hili tulikuwa tumelitazama siku baada ya siku kupitia dirishani, na kila mmoja alikuwa na kipande chake anachokipenda. Redio alieleza namna Kochi alivyosimamisha picha kwenye simu, askari akiwa amesimama kando ya lango, akapima lango kwa rula, akampima askari, akapiga hesabu mpaka akajua upana wa kiwiko cha mtu ambaye hajawahi kukutana naye. Hakimu alieleza kwamba kile kinachoonekana kama chuma si chuma. Ni sponji ngumu, ile ya mikeka ya kuchezea watoto, iliyokatwa kwa kisu chembamba, ikaunganishwa kwa gundi ya viatu, ikapakwa rangi tabaka juu ya tabaka.

— Na sponji inakubalije kuwa mviringo? aliuliza Buli.

— Anaipasha moto kwa ile mashine ya nywele, inalegea, anaikunja, anaishikilia mpaka ipoe. Ikishapoa haikunjuki tena.

— Samaki mkunje angali mbichi, alisema Bi Methali.

Tulimtazama wote.

— Bi mkubwa, alisema Redio, hiyo imeingia.

— Nini imeingia?

— Methali. Imeingia mahali pake kabisa. Unajisikiaje?

— Mimi methali zangu zote huingia. Nyinyi ndio mnachelewa kufungua mlango.

— Lakini kilichonishinda, Redio aliendelea, ni rangi. Jamaa alipaka kijivu kinang'aa kama sahani ya wageni. Nikasema hongera. Kesho yake namkuta anakikwangua kwa msasa. Anakichafua. Anachukua masizi kwa kidole anapaka kwenye mikunjo. Nikamwambia kaka, umelogwa? Akaniambia askari huyu amesimama kwenye upepo wa mchanga miaka yote, atakuwaje mpya?

— Alisema hivyo?

— Hivyohivyo. Nilirudi hapa nikanywa kahawa nikiwa nimenyamaza.

— Huo ni uongo, alisema Hakimu. Lakini yaliyobaki ni kweli.

Buli alikizungusha kikombe chake. Mtu aliyetoka safarini huona mambo ambayo wenyeji wameyazoea, na yeye aliona kwamba tulikuwa tunachungulia mlango wa karakana kila baada ya sentensi.

— Mbona mna wasiwasi hivyo? Kuna nini leo?

Kulikuwa na jambo. Mji wetu una chama cha watu wanaounda mavazi ya namna hii. Wana wakaguzi, na wakaguzi hao wanatazama picha zako wakizilinganisha na kioo cha televisheni, mshono kwa mshono. Ukipita, unaandamana nao. Usipopita, vazi lako ni zuri na wanakushukuru. Jumamosi hii chama kinakwenda kwenye wodi ya watoto katika hospitali kuu, na katika wodi hiyo yupo mpwa wake Kochi, binti wa dada yake, mguu umefungwa plasta na kuning'inizwa kwa kamba.

— Masikini. Aliangukaje?

— Alikuwa amepanda geti la kwao, nilisema. Analinda.

Buli aliinamisha kichwa, sijui kwa huzuni au kwa kuficha kicheko.

— Huyo mtoto ameomba kitu kimoja tu, alisema Bi Methali. Askari wa Lango aje. Wala hajui ni mjomba wake anayetengeneza. Yaani anajua, lakini hajui. Unajua watoto walivyo.

— Sasa tatizo?

— Tatizo, alisema Hakimu, ni kwamba Kochi alikataliwa.

Alilisema neno hilo taratibu, kama mtu anayeweka kikombe kilichojaa. Askari yule, begani mwake upande wa kushoto, ana mbonyeo. Ni mdogo, kama alama ya gumba kwenye unga uliokandwa. Kochi aliuona, akaupima, akauweka. Aliuweka bega la kulia.

— Mtu aliyepima kiwiko?

— Alibandika picha ya askari kwenye kioo cha kabati, nilimweleza, akavaa bega, akajitazama kwenye kioo hichohicho. Kwenye picha mbonyeo ulikuwa upande huu, basi akauweka ili kwenye kioo uonekane upande huuhuu. Kioo kikafanya kazi yake.

— Na kosa hilo lingeweza kumpata fundi wa makochi tu, alisema Redio. Seremala anajua mlango unafungukia wapi. Fundi cherehani anajua kifungo kinakaa upande gani. Lakini kochi halina kushoto wala kulia. Mkono huu sawa na ule. Jamaa ameishi maisha yake yote bila kuhitaji kujua.

— Akaanza bega upya, alisema Bi Methali. Yote mawili, maana la kulia sasa lilitakiwa liwe zima. Asubuhi hii amepeleka picha. Wakikataa leo, hakuna tena mpaka mwakani, na Jumamosi hataingia wodini. Mimi nilimwambia mapema, usipoziba ufa utajenga ukuta.

— Bi mkubwa, huyu anatafuta ufa wa kuweka.

— Ndiyo maana nikamwambia mapema.

Ndani ya karakana kulisikika kitu kikidondoka, halafu kikiokotwa. Hakuna aliyetoka. Na kwa kuwa kungoja kimyakimya ni kazi ambayo kijiwe hiki hakijawahi kujifunza, Buli akauliza swali lililofungua mlango.

— Huo mbonyeo, askari aliupatia wapi?

— Kimondo, alisema Redio palepale. Kule juu vinapita kama nzi. Kimoja kilikuwa na haraka.

— Kimondo kingechukua bega zima, alisema Hakimu. Ule ni mbonyeo wa nyumbani. Aligonga fremu ya mlango akitoka kwenda kazini amechelewa. Kila mwanamume ana alama ya fremu ya mlango wake.

— Mke wake, alisema Bi Methali.

— Nini mke wake?

— Mke wake na mwiko. Mtu anakwenda kulinda lango la wengine miaka yote, lango la kwake nani analinda? Kikulacho ki nguoni mwako. Hapo nguoni, begani, upande wa kushoto.

— Mwiko haubonyezi chuma.

— Hujakutana na mwiko wenyewe.

— Mimi nafikiri aliubonyeza mwenyewe, alisema Redio, ambaye hapendi kuachwa nyuma. Tazama. Maaskari wote wamevaa kijivu. Wote hawana uso. Akifa nani atajua ni yeye? Akachukua nyundo, akajipa jina.

Nadharia hiyo ilitugusa kidogo, na Redio aliliona hilo, akaiharibu kwa kuongeza kwamba nyundo yenyewe aliiazima kwa jini. Hakimu akatangaza kwamba kwenye mwezi wa pili kuna ndege mkubwa anayelala akiwa amesimama, na kwa kuwa hakuna miti huko, hulala begani mwa askari, na mbonyeo ule ni wa kucha zake. Bi Methali akauliza ndege wa namna hiyo hula nini. Hakimu akasema suala la chakula halikuletwa mbele yake.

— Kisigino, alisema Buli.

— Kisigino gani?

— Cha mtoto. Alimbeba mtoto begani kuvuka daraja, vita vikiwa nyuma yake, na mtoto alikuwa anapigapiga kisigino njia nzima. Ndiyo maana bega la kushoto. Kulia kuna silaha.

— Kisigino cha mtoto kibonyeze chuma, alisema Redio.

— Kaka, wewe hujabeba mtoto asiyetaka kubebwa. Mimi nimetoka nao kwa wakwe.

— Haisemwi.

Sauti hiyo ilitoka mlangoni. Kochi alikuwa amesimama pale, mwembamba, na aproni yake ina gundi iliyokauka. Alikuwa ameshika simu kwa mikono miwili kama mtu aliyeshika kifaranga.

— Haisemwi popote, alirudia. Nimeitazama tangu sehemu ya kwanza. Hakuna anayeeleza mbonyeo ule umetoka wapi.

— Basi uliuweka kwa nini, fundi?

Kochi alifikiri. Yeye hujibu swali kana kwamba ameombwa vipimo.

— Kwa sababu upo, alisema. Halafu akainua simu. Wamejibu.

Tuliinuka nusu.

— Hawajaamua. Wanataka picha moja zaidi. Niwe nimevaa kila kitu, nimesimama kwenye mwanga wa nje, kwa ubavu. Siwezi kujipiga mwenyewe. Na siwezi kujifunga mgongoni.

Hapakuwa na haja ya kuombwa mara mbili. Karakana ilijaa mikono. Miguu inavaliwa kwanza, nilijifunza siku hiyo: kisigino, muundi, halafu lile paja, bomba refu lisilo na kiungo, linaloanzia juu ya goti mpaka kwenye nyonga. Kisha kiuno, kifua na mgongo, ambavyo hushikana ubavuni kwa vibano vya mkoba wa shule vilivyofichwa ndani. Bi Methali ndiye aliyevifunga, na vidole vyake vinavyojua vifungo havikuuliza chochote. Hakimu alishika mkono wa kushoto, Redio wa kulia. Bega la kushoto Kochi hakumwachia mtu. Aliliweka mwenyewe, akalipapasa mbonyeo kwa gumba, akahakikisha.

— Ni kushoto? alinong'ona.

— Ni kushoto, nilimwambia. Mkono huo ndio wa kushoto.

Alivaa kichwa.

Nilimjua mtu huyu. Nilijua kikohozi chake na jinsi anavyokula mkate kuanzia katikati. Lakini aliyetoka kwenye mlango ule sikumjua. Alitembea taratibu, kwa sababu paja halikumruhusu kutembea vingine, na utaratibu huo ulikuwa ndio mwendo wenyewe wa langoni. Alisimama kwenye mwanga. Kijivu kile kilichokwanguliwa kwa msasa kilionekana kimepigwa na pepo za mbali, na kwenye bega la kushoto mbonyeo ulikuwa umeshika kivuli kidogo, kama maji kwenye kiganja. Mwenye mkokoteni wa magodoro alisimama, akauzungusha mkokoteni wake, akapita upande wa pili wa barabara kwa heshima.

Redio hakusema kitu. Naandika hilo kwa sababu halikuwahi kutokea.

— Piga picha, alisema Hakimu kwa sauti ndogo.

Picha ya kwanza ilitoka na kidole cha Redio. Ya pili ilikuwa safi. Ilipelekwa. Tulirudi kwenye mito yetu, na askari alibaki amesimama mbele yetu, simu ikiwa mkononi mwa Hakimu, maana glavu hazibonyezi. Buli alimimina kahawa ambayo hakuna aliyeinywa. Ndipo simu ikatetemeka.

Hakimu alisoma kimya, kisha akasimama, kwani hukumu haisomwi mtu akiwa ameketi.

— Mkaguzi anasema hivi. Bega la kushoto, sawa. Mbonyeo uko mahali pake. Bega la kulia, zima. Paja halina mkato wala kiungo, kama inavyotakiwa. Mbele ya watoto kichwa hakivuliwi. Umekubaliwa. Jumamosi, karibu langoni.

Sijui nani alianza kupiga makofi. Kutoka ndani ya kichwa kulitoka sauti ya mtu anayevuta kamasi, halafu Kochi akasema asante, na asante ile ikazunguka ndani ya sponji mpaka ikatoka ikiwa nzito kama ya askari mwenyewe. Bi Methali alifuta macho kwa ncha ya mtandio.

— Chelewa chelewa utamkuta mwana si wako, alisema, na siku hiyo hakuna aliyemsahihisha.

Tulikuwa katika hali hiyo mama yake Kochi alipotokea kwenye kona, kikapu cha chakula mkononi, anatoka hospitali. Ni mama mfupi, anatembea haraka kuliko miguu yake. Tulimwamkia kwa pamoja, akaitikia kwa pamoja. Alimtazama askari kutoka chini mpaka juu.

— Ni wewe, mwanangu?

— Ni mimi, mama. Wamenikubali.

— Alhamdulillahi. Mjukuu wangu atafurahi mpaka atavunja mguu wa pili. Sasa nina swali lake, amenituma, na nimeahidi nitampelekea jibu jioni hii. Anauliza, ukifika utakaaje?

— Kukaa wapi?

— Kwenye kiti. Kando ya kitanda chake kuna kiti, amekuwekea. Hakuna anayeruhusiwa kukikalia. Muuguzi alitaka kukikalia, akakatazwa. Daktari alimpima amesimama. Mimi bibi yake mzaa mama yake nimesimama muda wote wa kutazama wagonjwa na miguu hii unayoijua. Nikamwambia, mjukuu wangu, Askari wa Lango si hakai? Akaniambia, ndiyo, bibi. Amesimama tangu sehemu ya kwanza na hakuna aliyemwambia apumzike. Kwangu atapumzika.

Tulilitazama lile paja refu, zuri, lisilo na mkato.

— Fundi, alisema Redio polepole, umewahi kukaa nalo?

— Askari wa Lango hakai.

— Sikuuliza askari. Nimekuuliza wewe.

Kichwa cha kijivu kilitikisika kushoto na kulia. Mtu ambaye kazi yake ni kuwakalisha wengine, aliyetukalisha sisi sote pale ukutani, hakuwa amefikiria.

— Kata hapo nyongani, alisema Buli. Kidogo tu.

— Wamekubali paja lisilo na mkato. Nikikata, ile picha inakuwa uongo. Na wanakagua tena mlangoni.

— Jaribu kwanza, alisema mama yake. Kaa hapo tuone.

Alirudi nyuma kuelekea benchi kama lori linaloingia gereji, Redio akimwelekeza kwa mikono.

— Njoo. Njoo. Kulia kidogo. Kulia kwako, si kwa kioo. Njoo. Shuka.

Alishuka. Paja liligota nyongani, likalia kama mlango wa kabati kuukuu. Akasita hapo, nusu ya safari, hajasimama na hajaketi, mikono yake imening'inia mbele, na Hakimu na Redio wamemshika kwapani.

— Hapa ndipo mwisho, alisema kutoka ndani.

— Basi usishuke zaidi, alisema mama. Kaa hapohapo.

— Mama, hapahapa hakuna kitu.

— Naona. Wewe umefika. Ni kiti ambacho hakijafika.

Nami nilimwona Hakimu, mtu ambaye aliwahi kutoongea na Redio mwezi mzima kwa sababu ya kukaliwa mto wake, akiuachia mkono wa Kochi, akainama, akauchukua ule mto mweusi wa meneja, akauweka juu ya benchi, chini ya askari.

— Chama kinakataza mito? aliuliza.

— Kwenye tamthilia hakuna mto.

— Nimeuliza kama kinakataza.

— Hakikatazi.

— Endelea.

Bi Methali aliweka mahameli juu ya ngozi. Nami nikaweka mistari yangu. Redio aliyatazama maua yake mekundu kwa muda, kama mtu anayemuaga bibi harusi mwenyewe, akayaweka juu kabisa. Mnara ulipanda, ukakutana na deraya pale ilipokuwa imekwama, na tukausikia uzito wa Kochi ukitua juu yake, halafu pumzi ndefu ikitoka ndani ya kichwa. Ukimtazama kwa mbele, ungesema askari amesimama kazini, ameegemea kidogo. Ukimtazama kwa nyuma, alikuwa ameketi kwenye kochi la harusi.

— Amekaa, alisema Buli.

— Itateleza, alisema Kochi, na sasa alikuwa fundi tena. Nitaishonea foronya moja ya kijivu, nifunge kamba nne kwenye miguu ya kiti. Bi mkubwa, una uzi mnene?

— Mpaka wa kufungia meli.

— Jumatatu nitairudisha.

— Usiharakishe, alisema Redio, akakaa kwenye mbao, akainuka, akakaa tena. Mama yangu. Hivi watu wengine wanaishi hivi?

Tuliketi sote kwenye mbao tupu, tukamtazama askari wetu akiwa juu kuliko sisi. Mama alikuwa ameridhika. Alikiinua kikapu chake, akapiga hatua, akarudi.

— Nisisahau. Ameweka biskuti kwenye sahani, na chai atamwachia yake. Nimwambie anakulaje?

Tulikitazama kile kichwa kisicho na mdomo, ambacho mbele ya watoto hakivuliwi. Bi Methali alifungua kinywa, akatafuta methali, akakifunga. Redio akamtazama Hakimu, Hakimu akanitazama mimi. Mama akangoja, kikapu mkononi.

Buli aliliinamisha birika juu ya kikombe chake ili tupate muda wa kufikiri. Halikutoa hata tone.